Shekhar Mehta: Mzaliwa wa Kampala aliyefukuzwa kwao akashinda Safari mara 5

Ukiwauliza vijana wanaotengeneza magari hapa Awindiri ni dereva gani hodari aliyepata kuzaliwa Uganda, wengi watakutajia majina ya juzi na jana. Wachache watamtaja Shekhar Mehta. Haishangazi, kwani marehemu huyo aliondoka Uganda mwaka 1972, akapata sifa zake akiwa Mkenya, na akafia London tarehe 12 Aprili 2006. Hata hivyo, kwetu sisi tuliowahi kuishi ugenini na kurudi, na kwa wafanyabiashara wanaopita kila siku baina ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza ni juu ya mtu anayeng'olewa kwao. La pili ni juu ya gari linalotetemeka na kupiga kelele njiani, na namna ya kulisikiliza kabla halijakutupa porini.

Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa. Alianza mashindano ya magari akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, akiendesha BMW. Wakati huo mashindano makubwa kuliko yote katika sehemu zetu yalikuwa Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa njia iliyofungwa kwa ajili ya wanamichezo. Dereva alikutana na mabasi, ng'ombe, mafuriko na matope, usiku na mchana, kwa maelfu ya kilomita. Magari mengi yaliyoanza hayakufika mwisho. Ndiyo maana waliozoea Safari walijua kwamba kazi ya kwanza ya dereva ni kulifikisha gari. Mwendo ulikuja baadaye.

Mwaka 1971 jina la Mehta lilivuma. Kampuni ya Datsun ya Japani ilileta gari jipya la mbio lenye milango miwili, Datsun 240Z, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Edgar Herrmann wa Kenya alishika nafasi ya kwanza, na Mehta, akiwa na Mike Doughty kama msaidizi wake, alikuwa wa pili katika gari la aina hiyo hiyo. Kijana wa Kampala alikuwa amefika mlangoni pa ushindi.

Hapa inafaa tulitazame gari lenyewe, maana 240Z lilikuwa na ugonjwa ambao mafundi wetu wanaujua vizuri, ingawa pengine hawajapata kuliona gari hilo.

Gari lililotetemeka tangu kiwandani

Katika 240Z injini iko mbele na magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Nguvu hutoka kwenye giaboksi, hupita kwenye shafti ndefu ya propela, huingia kwenye difu, kisha hugawanywa kwenda gurudumu la kulia na la kushoto kwa shafti mbili fupi. Kila shafti ina viungo vyenye umbo la msalaba, ambavyo hapa tunaviita krosi. Mimi nilisoma shule upande wa Kongo, kwa Kifaransa, na huko shafti hiyo pamoja na viungo vyake huitwa kadani. Ukivuka mpaka ukaomba propela wakakushangaa, omba kadani.

Krosi ni kitu chepesi kueleweka lakini kina tabia moja ngumu. Shafti mbili zikiwa zimenyooka, mzunguko hupita sawasawa. Zikiwa zimepinda, shafti inayosukumwa haizunguki kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Pembe ikiwa ndogo, huoni kitu. Pembe ikiwa kubwa, hiyo haraka na polepole hugeuka kuwa mtetemo unaoingia mpaka kwenye kiti. Dawa yake ni kuweka krosi mbili, moja kila mwisho wa shafti, zenye pembe sawa, na nyuma zao zielekee upande mmoja, ili ya pili irekebishe kile ambacho ya kwanza imeharibu.

Katika 240Z za mwanzo difu ilifungwa mbele kidogo ya mstari wa magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo zile shafti fupi zilifanya kazi zikiwa zimepinda muda wote, hata gari likiwa kwenye lami tambarare. Wenye magari walilalamika juu ya mtetemo. Mwaka 1971 kiwanda kilisogeza difu nyuma kwa milimita 35 ili kupunguza pembe hiyo. Milimita 35 ni upana wa vidole viwili tu, lakini injini yenye nguvu haisamehe upana wa vidole viwili.

Gari hilo lilikuwa na mlio mwingine. Difu yake imeshikiliwa mbele na kipande cha mpira, na juu yake kuna mkanda unaoizuia isiruke. Mpira ukichanika, kila dereva anapoachia klachi difu huinuka na kugonga, ko! Mwenye gari husikia mgongano na kudhani meno ya difu yamevunjika, kumbe ni mpira. Wengi wamefungua difu nzima na kulipa pesa nyingi kwa kosa la kipande cha mpira.

Siku 90

Agosti 1972, Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971, alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Siku ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Mehta na familia yake walikimbilia Kenya.

Sisi wa West Nile tumezoea kuulizwa juu ya Amin popote tuendapo, kana kwamba tulikaa kikao tukamchagua. Ukoo wake ni wa Koboko, hilo halifichiki. Lakini mimi kama mwalimu nawaambia wanafunzi wangu wasome habari ya mwaka 1972 bila kuinamisha kichwa na bila kuitetea. Watu waliozaliwa Kampala, wenye makaburi ya wazee wao Uganda, walifungasha masanduku kwa amri ya siku moja. Miaka saba baadaye ikawa zamu ya wazazi wetu. Kuanzia mwaka 1979, na zaidi mwaka 1980, watu wa Arua na Koboko walivuka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, wakikimbia askari waliokuja kulipiza kisasi kwa makosa ya mtu mmoja. Aliyefukuzwa na Amin na aliyefukuzwa kwa ajili ya Amin walipita njia moja, ila kwa miaka tofauti.

Mehta alifika Kenya na kitu ambacho hakuna amri ingeweza kumnyang'anya, yaani ufundi wake. Pasaka ya mwaka 1973, kiasi cha miezi mitano tu baada ya zile siku 90 kwisha, alisimama kwenye mstari wa kuanzia Safari akiwa na 240Z, pamoja na msaidizi wake Lofty Drews. Mwaka huo ndio mashindano ya dunia ya rali yalianza rasmi, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yaliyohesabiwa.

Mwisho wa safari ulikuwa wa ajabu. Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye katika gari la Datsun, walifungana. Kila mmoja alikuwa na alama 406 za adhabu. Sheria ilisema kwamba wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu hata moja. Huyo alikuwa Mehta. Hakumpita mwenzake mwishoni. Alimpita kwa sababu makosa yake yalichelewa kuanza.

Msomaji, neno hilo ndilo ninalotaka ulibebe hadi gereji. Gari nalo lina alama zake za adhabu. Krosi iliyokauka leo ni alama moja. Ukiiacha, kesho ni beringi ya giaboksi, keshokutwa ni shafti iliyoanguka barabarani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namna ya kusikiliza

Barabara ya kutoka Vurra hadi Oraba kupitia Arua na Koboko ni kilomita 92 hivi, na sasa ni ya lami. Zamani kwenye murami mtu hakutofautisha mtetemo wa gari na mtetemo wa barabara. Lami imeondoa kisingizio hicho, na imeongeza mwendo. Shafti iliyokuwa ikizunguka polepole kwenye mashimo sasa inazunguka kwa kasi chini ya miguu ya abiria 14 kwenye Hiace, au chini ya mzigo wa maharage kwenye Canter. Ikikatika upande wa mbele, inaweza kuchoma ardhi na kulibinua gari. Kwa hiyo maneno yanayofuata si ya wapenda mashindano peke yao.

Kwanza, jiulize mtetemo unafuata nini. Gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta likatetemeka, tatizo liko kwenye injini, klachi au mipira inayoshikilia injini. Ukiwa unatembea, mtetemo ukaja kwenye mwendo ule ule, tuseme kilomita 80 kwa saa, uwe gia ya tatu au ya nne, basi tafuta baada ya giaboksi, yaani propela, difu, au magurudumu. Kwenye sehemu iliyonyooka isiyo na watu, kanyaga klachi kidogo kwenye mwendo huo. Mtetemo ukibaki, ni vitu vinavyozunguka na magurudumu. Ukitoweka, ni injini au ni kitu kinacholalamika kikibebeshwa nguvu. Usizime ufunguo gari likiwa linatembea, maana usukani unaweza kujifunga na breki zikawa nzito.

Pili, pima haraka ya mtetemo. Hii ni hesabu ninayowapa wanafunzi wangu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari huenda mita 22 hivi kwa sekunde. Tairi ambalo mzunguko wake ni kama mita 2 huzunguka mara 11 kwa sekunde. Ikiwa difu ina uwiano wa 3.9, propela huzunguka mara 43 katika sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo tairi lisilo sawa hutikisa kama mtu anayetikisa ungo, unaweza karibu kuhesabu. Propela isiyo sawa huvuma kama nyuki sakafuni. Usukani ukicheza, tazama magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikicheza, tazama nyuma.

Tatu, sikiliza aina ya mlio. Mlio wa panya, chwi chwi chwi, unaosikika polepole ukianza kutembea na kuharakisha kadiri gari linavyoharakisha, mara nyingi ni krosi iliyokauka grisi. Mgongano mmoja unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma ni krosi iliyolegea, meno ya kuteleza ya shafti yaliyolika, difu yenye nafasi kubwa, au ule mpira niliousema. Mvumo unaobadilika sauti ukikanyaga mafuta na ukiachia ni meno ya difu, na hapo pima oili kwanza kabla ya kununua chochote. Mngurumo unaozidi ukikata kona upande mmoja na kupungua upande wa pili ni beringi ya gurudumu.

Nne, ingia chini ya gari kwa akili. Zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, wala usitegemee jeki peke yake. Shika shafti kwa mkono mmoja na uma wa upande wa pili kwa mkono mwingine, ujaribu kuzikunja kinyume. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vifuniko vyake, ujue grisi imekwisha zamani. Tazama kama vile vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa kwenye propela kuisawazisha bado vipo. Katika magari yenye propela ya vipande viwili, kama Canter, tazama beringi ya katikati na mpira wake.

Kuna sababu mbili ambazo hapa kwetu hazikosi. Moja ni udongo. Matope mekundu yakikaukia ndani ya rimu au kwenye propela, gari litatetemeka kama lina ugonjwa mkubwa. Osha kwanza, ndipo uite fundi. Nyingine ni kuongeza springi ili gari libebe zaidi. Ukiinua nyuma ya gari umebadilisha pembe za krosi, na umetengeneza kwa mikono yako ule ugonjwa wa 240Z. Dalili yake ni kwamba gari hutetemeka likiwa tupu na kutulia likipakiwa, au kinyume chake. Hapo hata ukinunua krosi mpya kila mwezi hutapona.

Na neno moja kwa mafundi. Kabla ya kuichomoa propela, weka alama ya rangi pande zote mbili. Gari moja nililokuwa nasafiria kwenda Koboko lilitoka gereji likiwa na krosi mpya na likatetemeka kuliko mwanzo. Shafti ilikuwa imerudishwa ikiwa imegeuzwa meno machache, na nyuma zake hazikuelekea upande mmoja tena. Alama ya rangi ingetuokolea siku nzima.

Juma la Pasaka ya 1979

Baada ya 1973 Mehta hakushinda Safari kwa miaka kadhaa. Mwaka 1974 na 1976 alishinda Joginder Singh wa Kenya katika Mitsubishi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji. Mashindano nayo yalibaki ndani ya Kenya, maana majirani hawakuwa tena na mpaka uliofunguka kwa urahisi.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na utawala wa Amin ukaanguka. Katika juma hilo hilo la Pasaka, magari ya Safari yalikuwa njiani Kenya. Mshindi akawa Shekhar Mehta, akiwa na Mike Doughty, mbele ya Hannu Mikkola wa Finland aliyeendesha Mercedes. Mtu aliyefukuzwa alishinda katika juma lile ambalo aliyemfukuza alikimbia. Na kwetu West Nile, juma hilo hilo ndipo watu walianza kutazama upande wa mpaka.

Safari hii hakuwa na 240Z. Alikuwa na Datsun 160J, gari la kawaida la familia lililoimarishwa, ambalo nyuma lilikuwa na ekseli moja ngumu badala ya zile shafti fupi zenye krosi nyingi. Wapenda magari wa Ulaya waliliona kama gari la kizamani. Lakini viungo vikiwa vichache, vya kuvunjika huwa vichache pia, na fundi porini huvifikia haraka. Kwa magari ya ukoo huo Mehta na Doughty walishinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982. Mwaka 1982 aliyebaki wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwishoni mwa mwaka alitawazwa bingwa wa dunia. Jumla ikawa ushindi mara 5, na mara 4 kati yake mfululizo.

Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya katika mbio za jangwani nchini Misri, na hiyo ikamaliza maisha yake ya udereva. Baadaye aliingia katika uongozi wa mchezo wa rali kwenye shirikisho la kimataifa la magari, FIA. Amin alifariki Jeddah mwaka 2003 akiwa mkimbizi. Mehta alifariki miaka mitatu baadaye, naye mbali na Kampala, akiwa na umri wa miaka 60. Safari yenyewe iliondolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002 na ikarudishwa mwaka 2021.

Mimi nilirudi. Wengi wanaosoma ukurasa huu walirudi pia, wakajenga upya Arua, Koboko na Awindiri kwa biashara ya kuvuka mpaka. Mehta hakurudi kuishi alikozaliwa, na Uganda ilipoteza dereva ambaye Kenya ilimpata bure. Kwa hiyo tunapowahesabu watoto wa nchi hii tumhesabu na yeye. Na wewe unayetoka kesho alfajiri kwenda Oraba, ukisikia chwi chwi chwi chini ya sakafu, simama Awindiri uishughulikie huku bado ni krosi moja na grisi kidogo.